Waigizaji wanne wasiopatikana siku moja: namna ya kupiga picha za filamu ya ugomvi wa familia

Filamu ya Kitelugu Gundamma Katha (1962), iliyotengenezwa na kampuni ya Vijaya ya Madras (leo Chennai), kusini mwa India, ilikuwa na N. T. Rama Rao, A. Nageswara Rao, Savitri na Jamuna, nyota ambao kila mmoja alikuwa na kazi nyingine zikimsubiri. Kwenye wimbo wa Kolo Koloyanna unaona familia yenye furaha, kumbe wanne hao walipigwa picha kwa zamu, kisha vipande vikaunganishwa. Mpiga picha alikuwa Marcus Bartley. Kundi la maigizo la Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambalo mwigizaji wa mama mkwe yuko sokoni Kadutu kila siku na yule wa mkwe, mke wa mwanawe, yuko darasani linaweza kufanya vivyo hivyo uani, kwa kamera moja au hata telefone.

Anza na mchoro wa uwanja kwenye karatasi. Vuta mstari kutoka kwa mama mkwe hadi kwa mkwe, halafu kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo siku zote. Mama akitazama kulia kwa picha, mkwe atazame kushoto. Ukivuka mstari, wote wawili wataelekea upande mmoja, na mtazamaji ataona kama wanamgombeza mtu wa tatu.

Macho ndiyo yanayoharibu kazi nyingi, kuliko nguo. Pima kwa futi kamba urefu wa macho ya kila mwigizaji kutoka chini akiwa katika mkao wake: tuseme mama kwenye kigoda mita 1.05, mkwe aliyesimama mita 1.50. Siku mkwe asipokuwepo, simika mti wa fagio pale pale angesimama, ufunge utepe mwekundu kwenye mita 1.50, na mama agombane na utepe huo. Msomaji wa maneno ya mkwe asimame nyuma ya fagio, si pembeni ya kamera, maana mwigizaji humfuata mwenye sauti bila kujua. Asome kwa mwendo ule ule kila siku na aache nusu sekunde kabla ya kujibu. Sauti zikipandana hutaweza kukata. Wale wa Vijaya walipata nafuu hapo: wimbo wa Ghantasala, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, ulirekodiwa kwanza, waigizaji wakafuatisha midomo. Kwenye maneno ya kawaida hakuna kinachokushikia mwendo isipokuwa huyo msomaji.

Mahali pa miguu ya kamera pigilia misumari mitatu, kwani chaki itaoshwa na mvua. Andika urefu wa lenzi kutoka chini, umbali hadi kwenye pua ya mwigizaji, na lenzi uliyotumia.

Mwanga: Bukavu jua hupanda haraka, na kivuli cha saa mbili asubuhi hakifanani kabisa na cha saa nne. Pigia picha kwenye kivuli cha ukuta, upande wa magharibi wa nyumba, kati ya saa mbili na saa tatu u nusu, waigizaji wakiwa mita moja na nusu ndani ya kivuli. Funga rangi ya mwanga kwenye kamera (white balance) kwenye 5600 K (kelvin). Ukiiachia kamera ijichagulie, ngozi ya mama itakuwa nyekundu Jumatatu na ya buluu Alhamisi. Kabla ya kila kipindi mwaga bidoni mbili za maji uwanjani. Ardhi kavu unaweza kuilowesha, lakini iliyonyeshewa usiku hutaikausha.

Nguo zilizotundikwa kwenye kamba ziondoe zote. Sahani ya sombe (majani ya muhogo) iliyo mbele ya mama ipigwe picha mwishoni mwa kila kipindi, ili kesho ijazwe kufikia hapo hapo. Kitenge cha mkwe katia vipande viwili kutoka bunda moja: kimoja chake, kingine cha msichana mwenye mabega kama yake, atakayetoa mgongo unapopiga picha ya uso wa mama. Kichwa afunge kitambaa kile kile, kwa sababu nywele humsaliti.

Rekodi pia dakika moja ya sauti ya uwanja mtupu kila siku, wote wakiwa kimya. Bila hiyo, pikipiki za barabarani zitazuka na kukatika kila unapobadilisha uso. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha.

Kwenye uhariri, kata wakati mkono unasogea: kwenye picha ya mama anaanza kusukuma sahani, kwenye picha ya mkwe sahani inafika. Kwa hiyo kila mmoja apigwe picha akifanya tendo hilo lote, toka mwanzo hadi mwisho.