Namna ya Kupanga na Kujenga Reli Nyepesi Katika Mji Unaokua

Mwezi Septemba 2015 jiji la Addis Ababa lilizindua reli nyepesi yake ya umeme, yaani reli ya treni fupi za kubeba abiria ndani ya mji: njia mbili zenye jumla ya kilomita zipatazo 34, vituo 39 na treni 41, kwa gharama ya dola za Marekani milioni 475 ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ujenzi ulichukua muda usiofika miaka minne, jambo ambalo miji mingi haijaliweza. Lakini baada ya miaka michache ya huduma sehemu kubwa ya treni hizo zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni za kuvinunulia, huku foleni za abiria vituoni zikirefuka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unamtaka mpangaji aanze kuifikiria karakana na mwaka wa kumi wa huduma kabla hajachora mstari wowote kwenye ramani.

Kazi ya kwanza ni kuwahesabu watu. Simamisha wahesabuji kwenye barabara unayoifikiria kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, siku za kazi na siku za mapumziko, na uwaagize wahesabu abiria waliomo ndani ya daladala na mabasi, wala wasiishie kuhesabu magari. Waulize abiria wanakotoka na wanakokwenda, kwa maana mtu anayeshuka sokoni mara nyingi amepanda magari mawili kufika hapo. Kisha tembea njia yote kwa miguu yako mwenyewe saa 12 jioni, usimame pale mama anaposhuka na ndoo ya samaki kichwani, uone anavukia wapi, anapita kando ya mtaro gani, na anatembea dakika ngapi kabla ya kufika kwake. Kituo kikiwekwa mita 600 mbali na mahali hapo kwa sababu tu kiwanja cha huko kilikuwa wazi, mama huyo ataendelea kupanda bodaboda.

Hesabu ya treni inafuata, nayo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Chukua njia ya kilomita 17 ambayo treni inakwenda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa pamoja na kusimama vituoni. Safari moja ni dakika 51, kwenda na kurudi ni 102, na ukiongeza dakika tano za kugeuza kila mwisho unapata 112. Ukitaka treni ipite kila baada ya dakika sita, unahitaji treni 19 barabarani, pamoja na tatu za akiba kwa ajili ya matengenezo, yaani 22. Kama kila treni inabeba watu 280, utasafirisha watu 2,800 kwa saa kila upande. Sasa ondoa treni kumi kwa kukosa vipuri: zinabaki 12, abiria anasubiri zaidi ya dakika tisa, na uwezo wako unashuka hadi watu 1,800 hivi. Hesabu hii ya pili iwekwe mezani pa wanaofanya uamuzi pamoja na ile ya kwanza. Na ikiwa mahitaji ya njia nzima hayafiki hata huo uwezo uliopungua, jenga njia maalumu ya mabasi kwanza na uihifadhi ardhi ya reli kwa ajili ya baadaye. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Treni inayokaa kwenye foleni pamoja na magari haina faida kwa mtu yeyote, hivyo ipewe njia yake yenyewe na ipewe kipaumbele kwenye taa za makutano. Addis Ababa ilifanya hivyo kwa uzio na kwa madaraja, na mwendo wa treni ukanufaika. Hata hivyo, uzio mrefu katikati ya barabara huugawa mtaa, na mtu aliyezoea kuvuka kwenda dukani anajikuta akizunguka mwendo mrefu. Kwa maoni yangu vivuko vya watembea kwa miguu vichorwe siku ile ile inapochorwa reli, tena viwe vya usawa wa ardhi kila inapowezekana, kwa sababu ngazi za daraja humshinda mzee, mlemavu na mwenye mzigo.

Kabla ya kumkabidhi mkandarasi eneo la kazi, fahamu kilichomo chini ya barabara. Edinburgh, huko Uskoti, ilitoa fundisho la gharama kubwa: mradi wa tramu (treni fupi ya mjini inayopita barabarani) uliokuwa na bajeti ya pauni milioni 545 ulimalizika kwa pauni milioni 776, ukafunguliwa Mei 2014 badala ya 2011, tena kwa njia fupi kuliko iliyokusudiwa, na kuhamisha mabomba na nyaya za chini kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyouchelewesha. Katika miji yetu, ambamo ramani za mabomba mara nyingi hazilingani na yaliyomo ardhini, chimba mashimo ya majaribio njia nzima, na malizia kazi ya kuhamisha kabla ya saa ya mkataba mkuu kuanza kuhesabu. Fidia za wenye nyumba na vibanda nazo zilipwe kabla ya kubomoa.

Karakana inahitaji eneo kubwa, tambarare na lisilofurika. Dar es Salaam inalijua jambo hili kutokana na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyowekwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, ambako mafuriko yameingia mara kwa mara. Ardhi ya bondeni huonekana rahisi kupatikana kwa sababu maji yamewazuia wengine wasijenge.

Kuhusu umeme itoshe kusema kwamba mfumo wa volti 750 ni wa kawaida, na kwamba kila kituo cha kupoza umeme kilishwe kwa njia mbili za gridi, ili moja ikikatika treni isikwame juu ya daraja.

Mkataba wa treni ndio sehemu ninayomsihi msomaji aisome kwa makini kuliko zote. Bei ya treni isitenganishwe na bei ya vipuri vya miaka kumi. Magurudumu, breki, betri na kadi za kielektroniki ziorodheshwe kwa majina na idadi. Dai michoro na programu za kugundulia hitilafu, ili mafundi wenu wasilazimike kumsubiri mgeni kwa kila kosa dogo. Wapeleke mafundi hao kiwandani treni zinapounganishwa, si baada ya kuwasili. Fungua pia akaunti ya vipuri kwa fedha za kigeni, inayolindwa kisheria isitumike kwa jambo jingine, kwa kuwa nauli hulipwa kwa fedha ya nyumbani ilhali kipuri kinadaiwa kwa dola. Addis Ababa nauli ilianza kwa birr (fedha ya Ethiopia) chache tu, bei iliyomsaidia mnyonge na ambayo ni haki yake, ila mji unaochagua hivyo lazima uandike ruzuku ya kila mwaka katika bajeti kabla ya kukata utepe.

Wenye daladala waitwe mapema, wapewe njia za kulisha vituo na tiketi inayokubalika kote. Mwisho, endesheni treni bila abiria kwa miezi kadhaa kwa ratiba kamili, usiku, wakati wa mvua kubwa na siku za gulio, na kila siku mkuu wa karakana aandike treni ngapi zimetoka asubuhi, ngapi zimerudi zikiwa na hitilafu, na ni kipuri gani kimekosekana ghalani.