Kukokotoa urefu wa mchana, utusitusi na ukali wa jua kwa latitudo yako

Tarehe 21 Juni, jua likifika juu kabisa, la London huwa juu zaidi angani kuliko la Dar es Salaam siku hiyohiyo. Wengi hawaamini mpaka wapige hesabu wenyewe, na hesabu inahitaji vitu viwili tu: kikokotoo cha simu chenye vitufe vya sin, cos na tan, na kijiti kilichonyooka.

Hatua ya 1: Pata latitudo. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza na ushikilie mahali ulipo. Namba ya kwanza itakayotokea ndiyo latitudo, na desimali moja inatosha. Kaskazini mwa ikweta ni chanya, kusini ni hasi: London 51.5, Muscat 23.6, Dar es Salaam −6.8. Usiisahau alama ya hasi. Ukiiacha, majibu ya Juni yanageuka kuwa ya Desemba.

Hatua ya 2: Pata deklinesheni ya jua, yaani latitudo ambayo jua liko utosini siku hiyo. Thamani hizi zinatosha kwa kazi zote zilizomo humu:

- 20 Machi na 23 Septemba: 0
- 20 Aprili na 23 Agosti: 11.5
- 21 Mei na 23 Julai: 20
- 21 Juni: 23.4
- 23 Oktoba na 19 Februari: −11.5
- 22 Novemba na 21 Januari: −20
- 21 Desemba: −23.4

Hatua ya 3: Kimo cha jua. Tafuta tofauti kati ya latitudo na deklinesheni, kisha itoe kwenye 90. London mwezi Juni: 51.5 kutoa 23.4 ni 28.1, kwa hiyo jua linafika nyuzi 61.9. Dar es Salaam: kutoka −6.8 hadi 23.4 ni 30.2, kwa hiyo nyuzi 59.8. Muscat linakaribia kabisa utosi, nyuzi 89.8.

Hakikisha kwa kijiti. Simamisha kijiti kitakachobaki sentimita 100 juu ya ardhi iliyo sawa, ukikinyoosha kwa timazi. Uzi wenye jiwe unatosha. Anza dakika 20 kabla ya jua kufika juu kabisa, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5, na upime kivuli kifupi kuliko vyote. Tarehe 21 Juni Dar utapata sentimita 58 hivi, kivuli kikielekea kusini. London ni sentimita 53, kikielekea kaskazini. Ncha ya kivuli huwa na ukungu kwa sababu jua lina upana wa nusu digrii. Pima katikati ya ukungu huo, si mwisho wake.

Kosa la kawaida ni kupima saa 6:00 kamili mchana. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya 45, na Dar iko 39.3. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo Juni jua la Dar hufika juu kabisa karibu saa 6:25. London husogeza saa mbele majira ya joto, na huko ni karibu saa 7:02 mchana.

Hatua ya 4: Urefu wa mchana. Kwanza andika tan 45. Ikija 1, endelea, ikija 1.62, kikokotoo kiko kwenye rediani, kirudishe kwenye digrii. Sasa zidisha tan ya latitudo kwa tan ya deklinesheni, geuza alama ya jibu, bonyeza cos⁻¹, kisha gawanya kwa 7.5. London tarehe 21 Juni: −0.544, inatoa nyuzi 123, na 123 kwa 7.5 ni saa 16.4. Ongeza dakika 14, kwa sababu hewa hupinda mwanga na tunahesabu ukingo wa jua, si kitovu chake. Jumla ni saa 16 na dakika 38. Kwa Dar ongeza dakika 7 tu: saa 11 na dakika 44.

Jaribu Tromsø, Norwei, latitudo 69.65. Kikokotoo kitakataa, kwa sababu −1.17 haina cos⁻¹. Hujakosea popote: siku hiyo jua halizami kabisa.

Hatua ya 5: Utusitusi. Hapa ndipo latitudo inapofanya kazi kubwa. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na giza huingia haraka: Dar, jua hufika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho dakika 23 hivi baada ya kuzama. London mwezi Juni linashuka kwa mshazari, na safari hiyohiyo huchukua dakika 48.

Kupata kina cha jua usiku wa manane kaskazini mwa ikweta, chukua 90, toa latitudo, toa deklinesheni. London: 90 − 51.5 − 23.4 = nyuzi 15.1. Giza kamili linahitaji nyuzi 18, kwa hiyo kuanzia karibu 23 Mei hadi 20 Julai London haina usiku wa giza kamili. Waislamu wanaoishi huko wanalijua jambo hili vizuri: ratiba inayohesabu Isha kwa nyuzi 18 haipati jibu usiku huo, inayotumia 15 inalipata kwa shida, na ndiyo maana ratiba za mji mmoja hutofautiana sana mwezi Juni. Ukiona ratiba, uliza kwanza imetumia nyuzi ngapi.

Hatua ya 6: Ukali wa jua. Tafuta sin ya kimo. London ni 0.88 na Dar 0.86, karibu sawa. Ukijumlisha kutwa nzima, juu ya anga London inapokea nishati ya jua zaidi ya Dar kwa theluthi na ushee siku hiyo. Anayepanga paneli za sola alizingatie hili, kisha apunguze kwa ajili ya mawingu.

Miale inayounguza ngozi ni hesabu nyingine. Ozoni ni nyembamba zaidi maeneo ya tropiki, hivyo kwa kimo kilekile cha jua Dar huunguza zaidi. Kipimo cha miale hiyo (UV Index) London huishia 6 au 7 siku za kawaida za Juni zisizo na mawingu; ukanda wa ikweta hupita 11 mara nyingi. Mwinuko nao huongeza asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo ubaridi wa Nairobi usikudanganye.

Bila kikokotoo, tazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua limepita nyuzi 45. Dar mwezi Juni ni kati ya saa 4:10 asubuhi na saa 8:40 mchana. Desemba kipindi hicho hurefuka kwa zaidi ya saa nzima. London mwezi Juni ni saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kwa mtu mwenye ualbino, saa hizo ni za kukaa kivulini, na hata nje ya saa hizo kofia pana na mikono mirefu vinahitajika. Mchanga mkavu wa pwani hurudisha asilimia 15 hivi ya miale hiyo, kwa hiyo mwavuli pekee ufukweni hautoshi.