Ukihesabu tarehe, achana na 86400

Nikipewa msimbo wa mtu niupitie, kwanza natafuta namba mbili: 86400 na 86400000. Hizo ni sekunde na milisekunde za siku yenye saa 24. Nikizikuta karibu na tarehe, najua programu hiyo itadanganya angalau mara mbili kwa mwaka kwa watumiaji walio kwenye nchi zinazosogeza saa mbele na kurudisha nyuma kila mwaka.

Chukua New York. Jumapili ya tarehe 9 Machi 2025 ilikuwa na saa 23 tu: ilipofika 02:00 usiku, saa zikarukia 03:00. Jumapili ya tarehe 2 Novemba ikawa na saa 25, kwa kuwa ile saa ya kuanzia 01:00 ilirudiwa.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, amua: unahesabu siku za kalenda au muda halisi unaopita? Kikumbusho cha kila asubuhi ni kalenda. Tokeni (kibali cha muda cha kuingia kwenye mfumo) inayokwisha baada ya saa 24 ni muda. Java inakulazimisha uchague, na naipendea hilo: ukianza na ZonedDateTime ya New York, 12:00 mchana, Machi 8, plusDays(1) inakupa 12:00 ya kesho yake, na plusHours(24) inakupa 13:00.

Python ni mjanja zaidi, kwa ubaya. Endesha hii:

```
from datetime import datetime, timedelta, timezone
from zoneinfo import ZoneInfo

ny = ZoneInfo("America/New_York")
a = datetime(2025, 3, 8, 12, tzinfo=ny)
b = a + timedelta(hours=24)
utc = timezone.utc

print(b - a)
print(b.astimezone(utc) - a.astimezone(utc))
```

Mstari wa kwanza unachapisha siku 1 kamili, wa pili saa 23. Tarehe mbili zikishiriki tzinfo (ukanda wa saa) ileile, Python inafanya hesabu ya kutoa kwa namba za saa ya ukutani na kupuuza kwamba saa ilisogezwa katikati. Ukitaka muda halisi, geuza kwanza kuwa UTC (saa ya dunia, isiyosogezwa kwa misimu), fanya hesabu, kisha urudi kwenye saa za mtumiaji wakati wa kuonyesha.

Kwenye JavaScript kosa lililozoeleka ni kutafuta idadi ya siku kwa kugawanya. Kompyuta ikiwa kwenye saa za New York, kutoka `new Date(2025, 2, 8)` hadi `new Date(2025, 2, 10)` ni saa 47 (miezi huko huanza na 0, hivyo 2 ni Machi). Gawanya kwa 24 upate 1.958, pitisha kwenye Math.floor inayokata desimali, na siku moja imeyeyuka. Tengeneza tarehe zote mbili kwa Date.UTC, kwani huko siku zote zina urefu mmoja.

Kuna saa zisizokuwepo pia. 02:30 ya Machi 9 haikutokea New York; Java inaisukuma hadi 03:30, Python inaipokea bila kulalamika. 01:30 ya Novemba 2 ilitokea mara mbili, na Python inazitofautisha kwa fold=0 na fold=1. Wala usidhani usiku wa manane uko salama: São Paulo, tarehe 4 Novemba 2018, siku ilianza 01:00. Ukitaka mwanzo wa siku kwenye Java, tumia atStartOfDay pamoja na ukanda wa saa, usiandike 00:00 kwa mkono.

Sasa uhifadhi. Utaambiwa "weka kila kitu kwa UTC". Kwa yaliyokwisha kutokea, sawa kabisa. Kwa miadi ya mbele, sikubali. Tuseme mtu wa Cairo mwaka 2022 aliweka mkutano wa Julai 2023, 10:00, na programu ikahifadhi 08:00 UTC. Mwaka 2023 Misri ikarudisha utaratibu wa kusogeza saa, na mkutano ukaonekana 11:00. Hifadhi 10:00 pamoja na jina Africa/Cairo. UTC ikokotolewe baadaye. Usihifadhi +02:00 peke yake, kwani tofauti hiyo na UTC haijui sheria za mahali. Na sheria zinabadilika, kwa hiyo sasisha tzdata (hifadhidata ya sheria za saa za kila mahali) kwenye seva mara kwa mara.

Mwisho, majaribio. Seva nyingi ziko kwenye UTC, ndiyo maana kila kitu kinapita huko na kuharibika kwa mtumiaji. Yaendeshe tena ukiwa na TZ=America/New_York kwa tarehe nilizotaja hapo juu, halafu ongeza Australia/Lord_Howe. Kisiwa hicho husogeza saa kwa dakika 30 tu, na huwanasa wote walioandika +1 wakidhani hatua ni lazima iwe saa nzima.