Pipa la mboji Uingereza: angalia chini kabla hujaangalia bei

Ndugu zangu mliopata nyumba yenye kabustani nyuma huku Uingereza, hongereni. Najua raha yake, mtu umekaa fleti miaka sita unaotesha kitunguu kwenye kopo dirishani, halafu siku moja unapewa funguo na nyuma kuna udongo. Cha kwanza unawaza mchicha, cha pili mbolea. Kwenye mbolea ndipo mimi nilipoumia, hela imetoka na usingizi umepotea miezi miwili, kwa hiyo someni taratibu.

Mimi nimekulia kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, Moshi. Kule mbolea hakuna anayekufundisha, maganda ya ndizi anakula ng'ombe, ukoko wa ugali wanamaliza kuku na mbwa, samadi inatoka bandani inaenda kwenye migomba, basi. Kinachobaki kuozea shimoni ni majani tu. Sikuwahi kulifikiria hilo, kwamba nyumbani kabla kitu hakijafika shimoni kuna midomo mingi imeshakipitia. Huku hiyo midomo haipo. Ukitupa ugali bustanini anayekuja kuula ni panya.

Nilinunua lile pipa la plastiki jeusi, la lita 330, lina mfuniko juu na kimlango pembeni (kaunsili, yaani halmashauri za huku, nyingi zina mpango wa kuyauza kwa punguzo, ulizeni kwanza). Pipa zuri tu, lakini halina kitako! Limetengenezwa hivyo makusudi, liko wazi chini ili minyoo ipande kutoka kwenye udongo na maji yashuke. Nikaliweka chini pembeni ya kibanda cha vifaa, nikaona kazi imeisha.

Halafu mama akaja kututembelea, miezi minne. Mama ni mtu wa bidii, hawezi kuvumilia chakula kikitupwa kwenye mfuko wa taka, akaliona pipa kule nyuma akajua ndio shimo la mbolea. Ukoko, wali uliolala, miiba ya samaki, mchuzi uliobaki, kila jioni anapeleka kwa moyo mweupe kabisa, na mimi namwangalia naona sawa. Wazee wetu wakija, jamani, waambieni siku ile ile ya kwanza, kwa heshima, mmekaa na chai: mama, kilichopikwa hakiendi kwenye lile pipa. Atakujibu mbona kwetu tunatupa hata utumbo wa kuku na hakuna neno. Msikilize, umpe haki yake, halafu rudia vile vile, maana kesho atapeleka tena.

Panya walichimba kutoka chini. Sio juu, sio kwenye mfuniko, CHINI. Walitoboa njia kutoka chini ya kibanda mpaka katikati ya pipa, humo kuna joto, chakula kipo, wakazaa. Na mimi kila nikichungulia naona mfuniko umefungwa najua mambo salama.

Jirani aliwaona kabla yangu. Huyu jirani tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi, anatabasamu, tunaongea habari za mvua, lakini hakuniambia hata neno moja, aliandika kaunsili. Kwetu angekuja mlangoni, tena kwa sauti, baba fulani njoo uone panya wako, tungegombana na jioni tunaziba shimo wote. Huku wengi wanaona kukwambia usoni ndio kukukosea adabu, barua ndio ustaarabu. Nimekaa nao miaka na bado hili linaniuma. Siku hizi mimi ndiye naenda kugonga kwanza, nawaambia nimeweka pipa la mboji, mkiona kitu niambieni, hii hapa namba yangu. Wanashangaa kidogo ila wanapenda.

Barua ya kaunsili msiipuuze. Ipo sheria ya mwaka 1949 inayowapa nguvu ya kumpa notisi mwenye nyumba au anayeishi humo aondoe panya ndani ya muda waliotaja, usipofanya wanafanya wao na bili inakufuata. Fundi wa kuua panya alikuja mara tatu, pauni 210. Tulipohama mwenye nyumba akakata dipoziti, ile hela ya dhamana unayoweka unapopanga, eti sakafu ya kibanda imetafunwa. Nilipata nusu kwa kwenda kwenye usuluhishi wa ile skimu inayotunza dipoziti, ni bure, na kilichoniokoa ni picha za siku tuliyoingia zikionyesha mbao zilishaoza. Pigeni picha hadi kibanda. Na ombeni ruhusa ya pipa kwa imeili, msiombe kwa mdomo.

Sasa ukinunua pipa lisilo na kitako, nunua na wavu wa chuma, ule mgumu uliochomelewa, matundu yasizidi milimita 6, minyoo inapita panya hapiti. Waya wa kuku usidanganyike nao, wanautafuna. Tandaza chini ya pipa lote, ukunje kingo zipande juu pembeni, ufunge. Kama una wasiwasi bado, chukua lile la kuzungusha kwenye stendi, haligusi ardhi, ila linajaa haraka. Yapo yenye kuta nene yanayotunza joto na kupokea hata chakula kilichopikwa, lakini bei yake iko juu.

Kwenye pipa la kawaida, kilichopikwa, nyama, samaki, maziwa: hapana. Rudia mwenyewe mpaka watoto wakariri. Hivyo viende kwenye kindoo cha mabaki ya chakula cha kaunsili, kwa England sheria inataka wakusanye kila wiki kuanzia 31 Machi 2026, ingawa chache zimepewa muda zaidi. Vifuko vilivyoandikwa vinaoza navyo msiweke kwenye pipa la mboji, vingi vinahitaji joto la kiwandani.

Mengine ni kawaida. Maganda mabichi na majani ya chai nusu, maboksi yaliyochanwa na trei za mayai nusu, geuza kwa uma wa bustani kila baada ya wiki mbili tatu, ukikamua mkononi iwe kama sponji iliyokamuliwa. Wakati wa baridi inalala, usihangaike nayo. Ya kwangu ya sasa ilichukua kama miezi 10, ikawa nyeusi, inanukia udongo wa mvua, na mchicha nilisia mwishoni mwa Mei baridi ya usiku ilipokwisha, mpaka Julai tulikuwa tunachuma kila jumapili.