Kupima makohozi kwa GeneXpert Ultra, kopo hadi jibu

GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu (TB), ni PCR (njia ya kuzidisha DNA ili ionekane) ya wakati halisi iliyofungiwa ndani ya kartriji, kikasha kinachopakiwa kwenye mashine: humo bakteria huvunjwa, DNA hutolewa, huzidishwa na kusomwa. Kwa hiyo kinachoharibu kipimo mara nyingi kimeshatokea mezani.

1. Linganisha jina na namba za kopo na za fomu. Unahitaji angalau 1 ml ya makohozi, si mate. Yenye mabaki ya chakula yakatae. Mgonjwa asukutue mdomo, atoe mengine.

2. Ukiwa na glovu na barakoa ya N95, mahali penye hewa ya kutosha, ongeza kitendanishi mara mbili ya ujazo wa makohozi: 1 ml ya makohozi kwa 2 ml za kitendanishi. Kukipunguza ili chupa idumu ni hatari, kwa kuwa ndicho kinachoua bakteria na kulainisha makohozi. Funga, tikisa kwa nguvu mara 10 hadi 20, acha dakika 10, tikisa tena, acha dakika 5. Yakiwa bado yanavutika, ongeza dakika nyingine 5 hadi 10. Hapa ndipo haraka hugharimu kartriji.

3. Andika namba ubavuni mwa kartriji, kamwe si juu ya msimbopau. Kwa pipeti iliyomo boksini nyonya hadi mstari wa 2 ml, mimina polepole bila mapovu, funga. Usiitikise, wala usiguse kijibomba kilichochomoza nyuma.

4. Soma msimbopau, ingiza namba ya sampuli, pakia mara moja kwenye moduli (chumba cha kartriji kwenye mashine) inayomulika kijani.

Jibu likija "trace", maana yake IS6110 au IS1081 (vipande vya DNA ya bakteria wa TB) zimeonekana lakini rpoB, jeni inayosomewa usugu wa dawa ya rifampisini, haikutosha, hivyo usugu huo hausomeki. Kwa mtoto au mwenye VVU lihesabu kuwa ni TB. Kwa aliyetibiwa miaka ya karibuni, huenda ni DNA ya bakteria waliokufa. Daktari aangalie na dalili.

Kosa 2008 ni shinikizo limezidi, kwa kawaida makohozi mazito. 5006 hadi 5008 ni ukaguzi wa probu (vinasa DNA vilivyomo kwenye kartriji) umefeli: kagua ujazo, na kama kartriji zimehifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28. "Invalid" ni kidhibiti cha ndani, kinachohakiki kuwa kipimo kimefanya kazi, hakikuzidishwa. Rudia kwa kartriji mpya. Mchanganyiko uliobaki unafaa ndani ya saa 4. Makosa yakirudi moduli ileile tu, acha kulaumu sampuli: safisha kichujio cha feni, na isipotulia mwite fundi.