Siku ya kwanza kwa mshauri nasaha, usitegemee kupigiwa ramli

Mimi nauza dagaa Kibirizi, Kigoma, wala sijasomea mambo ya akili. Ila tangu watu wajue nilikuwa naenda kwa mshauri, wananivuta pembeni kuniuliza kule kuna nini. Naandika ili niache kurudia.

Nilianza mwaka 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kazi ikasimama, na mdogo wangu niliyemzika mwaka uliotangulia akaanza kunijia usiku. Kumbe muda wote ule biashara ndiyo ilikuwa inanificha.

Kwetu ukitaja ushauri nasaha, watu wanawaza kupima virusi vya Ukimwi. Jirani aliniona kwenye benchi la mlango wa ushauri. Jioni mke wangu akaulizwa kama mimi ni mzima. Kwa hiyo mwambie mwenzako mapema unakokwenda, asisikie kwa watu. Kwenye dirisha la mapokezi sema tu unataka mtu wa ushauri au wa ustawi wa jamii, na uulize bei. Karani hahitaji habari zako foleni nzima ikisikia.

Ndani nilikuta binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Akanipa shikamoo, akaniita baba, nami nikajiuliza huyu nitamwambia nini. Alianza na habari ya siri: utakayosema yanabaki mle, isipokuwa uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, au kuna mtoto anaumizwa. Asipokueleza, muulize wewe. Kisha maswali: unalala vipi, unakula, pombe kiasi gani. Akatoa karatasi ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. La mwisho linauliza kama umewaza heri ufe. Jibu kweli, maana anauliza ajue namna ya kukulinda. Na mawazo hayo yakikujia kabla ya tarehe yako, usingoje tarehe. Nenda hospitali siku hiyohiyo, mtu akusindikize.

Sasa lililonisumbua mimi. Mganga anakutajia shida yako hata viatu hujavua, na jina la aliyekuroga juu. Mshauri hajui kitu mpaka useme. Nilinyamaza nikimngoja aseme, naye akaningoja. Nikaona hela yangu imeliwa. Kumbe kimya kile alikuwa ameniachia mimi. Nilipofika kwa mdogo wangu, Kiswahili kilinigomea, nikaomba niseme Kiha. Bahati nzuri naye ni Muha. Wewe uliza lugha mapema.

Kipindi ni kama dakika 45 hadi saa 1. Usipange shughuli nzito baadaye. Mimi nilitoka na kichwa kizito kuliko nilivyoingia, usiku sikulala, nikaapa sirudi. Kilichonirudisha ni kazi aliyonipa: niende mwaloni, pale tulipokuwa tunaanika dagaa mimi na marehemu, nikae dakika 10, kisha nije nimweleze ilikuwaje. Mwaka mzima nilikuwa napakwepa. Nikaenda, nikakaa, nikalia, mtu mzima na mvi zangu, kunguru wananitazama. Sasa nikawa na la kumwambia.

Dawa yeye hatoi. Akiona zinahitajika atakupeleka kwa daktari. Na kama umeenda mara 3 na bado moyo unamkataa, omba mwingine. Hatanuna, ndiyo kazi yake.

La mwisho kwa wenzangu wa dagaa: omba tarehe za mbalamwezi, vipe (vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa gizani) vikiwa vimepumzika. Mimi mara ya nne nilikwenda wakati wa giza, nimetoka kupokea mzigo alfajiri, nikasinzia kitini katikati ya swali. Binti wa watu akaniacha kidogo, akaniamsha, akafungua kalenda tukatafuta mwezi mpevu.