SOMO: Binti acheze softiboli na rika lake au apandishwe? Soma lote kabla hujauliza

Kila Agosti, majaribio ya timu yakianza, napokea ujumbe uleule kutoka kwa wazazi wenzangu Waswahili hapa Texas na majimbo mengine: "Dada, kocha wa wakubwa anamtaka binti yangu, nimpe?" Nimeshajibu mara nyingi mno, na kila mara naacha kitu fulani. Leo naandika yote. Nina binti aliyeanza na miaka 7, na kwa misimu minne nimekuwa kocha msaidizi. Wengi wetu hatukukua na mchezo huu, ndugu wa besiboli, ambao mmoja anarusha mpira na mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbia. Kwetu wasichana tulicheza rede. Kwa hiyo kocha akisema "anapandishwa" tunasikia sifa, tunakubali palepale. Ni sifa kweli. Lakini anayekwenda kusimama mbele ya ule mpira ni mtoto.

Hatua ya 1. Hakikisha tarehe ya kukata umri, yaani siku inayoamua mtoto ni wa rika gani, ya chama ambacho timu imejisajili, kwa sababu vyama havifanani na huenda binti "anayepandishwa" tayari ni wa rika hilo.

Hatua ya 2. Jua kinachobadilika uwanjani. 10U (rika la miaka 10 kushuka chini; 12U na 14U ni vivyo hivyo) wanatumia mpira wa mzunguko wa inchi 11, na mrushaji anasimama futi 35 kutoka kwa mpigaji. 12U mpira ni inchi 12, umbali futi 40. Kuanzia 14U ni futi 43, umbali uleule wa chuo kikuu. Besi, vile vituo vinne vya kukimbilia, hazisogei, ni futi 60 kutoka moja hadi nyingine kote. Mzazi akisikia mrushaji amerudi nyuma anadhani mpigaji amepata nafuu. Piga hesabu. Mpira wa maili 50 kwa saa unakwenda kama futi 73 kwa sekunde, na mrushaji hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuuachia, kwa hiyo kwenye zile futi 40 za 12U zinabaki kama futi 34. Hiyo ni chini ya nusu sekunde, na ndani yake mtoto aone, aamue, azungushe gongo au akwepe.

Hatua ya 3. Mpeleke afanye mazoezi na wakubwa kwanza, mara nne au tano. Usimtazame anapofanya vizuri. Tazama mpira wa kwanza uliomkaribia mwilini: je, kwa uliofuata alisimama palepale au mguu wa nyuma ulikimbia? Tazama akikosa mara tatu mfululizo, anarudi kwenye foleni au anakuja kukaa karibu na wewe? Nikiwa kocha, hayo yananiambia mengi kuliko mpira alioupiga mbali.

Hatua ya 4. Kaa na kocha, uliza maswali matano, upate majibu matano. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo vumilia urefu.

Binti yangu alipotimiza 10 alikuwa mrushaji bora wa timu yake. Kocha mmoja wa 12U akaniomba. Nikamuuliza swali moja tu: "Atacheza?" Akasema atacheza. Hakunidanganya, alicheza. Alipangwa nje upande wa kulia, mbali na mrushaji, ambako mpira haufiki sana, inningi (vipindi) mbili kwa mchezo, na wikendi nzima ya michezo mitano alipata zamu tatu za kupiga. Duara la mrushaji hakulikanyaga kwenye mchezo hata mara moja. Ila mazoezini alirusha sana, kwa sababu wapigaji wakubwa walihitaji mtu wa kuwarushia. Umbali umeongezeka futi tano, mpira umekuwa mnene kwa vidole vyake, na hakutaka aonekane mdogo. Akaanza kuusukuma kwa bega badala ya kuuacha mkono uzunguke. Mwezi wa pili akawa anashika bega kwa mbele akidhani simwoni. Nilimwona, nikasema ni uchovu. Daktari alimpumzisha wiki sita. Aliporudi 10U mpira haukumtii tena, na ulimchukua msimu mzima kuupata mrusho wake wa zamani. Sikumsikia akilalamika hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo uliza hivi, kwa maneno haya haya: Atacheza nafasi gani? Nani wako mbele yake kwenye nafasi hiyo? Atapata zamu ngapi za kupiga kwa wikendi? Kama ni mrushaji, atarusha kwenye michezo au mazoezini tu, na nani anahesabu mipira? Na mwisho, kwa nini unamtaka?

ONYO: jibu la swali la mwisho likiwa "tumepungukiwa mtu mmoja", mshukuru na uondoke. Binti yako anajaza orodha.

ONYO la pili: utasikia kwamba kurusha kwa mkono wa chini ni mwendo wa asili, hauumizi, ndiyo maana ligi nyingi haziweki kikomo cha mipira kama kwenye besiboli. Usiamini. Bega la mtoto bado lina sehemu laini ambako mfupa unakua, na maumivu ya mbele ya bega ni ya kawaida kwa warushaji wasichana. Ligi isipohesabu, hesabu wewe. Mimi nina daftari.

Hatua ya 5. Kinga ya uso akiwa ndani ya uwanja, hasa mrushaji na besi ya kwanza na ya tatu, hata kama sheria hailazimishi.

Hatua ya 6. Muulize yeye, mkiwa wawili. Siyo mbele ya kocha wala mbele ya baba yake mwenye furaha. Garini ni pazuri, hamtazamani. Na usiulize "unataka kupanda?", maana atasema ndiyo ili akufurahishe. Uliza: "Ukienda kule ukakaa benchi, utajisikiaje?" Kisha nyamaza.

Hatua ya 7. Acha mlango wazi. Kabla ya kusaini, jua kama chama kinamruhusu kurudi rika lake katikati ya msimu, au kuazimwa na wakubwa kwa mashindano mawili matatu akiwa bado kwa wenzake. Kuazimwa ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote.

Alipofika 12 tulimpandisha 14U, safari hii kwa kufuata hatua hizi zote. Alibaki huko na bado anarusha.

Maswali karibu.

---

Baba Ivan: Asante kwa somo. Binti yangu ana miaka 9, ni mkali sana, anawashinda wote. Nimpandishe?

Mwandishi: Hatua ya 4, kaka. Ukishapata majibu matano rudi tuongee.

Baba Ivan: Sijaongea na kocha bado, nilitaka tu ndiyo au hapana.

Mwandishi: Basi hapana, mpaka uongee naye.

Mama Mapacha: Shikamoo dada. Wangu ni kecha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka, yuko 10U. Umeandika zaidi kuhusu warushaji. Kwa kecha kuna tofauti gani?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana. Umbali wa kutupa kutoka kwa kecha mpaka besi ya pili haubadiliki, ni karibu futi 85. Kinachobadilika ni mkimbiaji. 10U ligi nyingi zinabana kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa. 12U wanaiba kila mpira unapoachiwa, na miguu ni ya msichana wa miaka 12. Pili, straiki ya tatu (mpigaji ameshakosa mara tatu) ikimponyoka kecha: ligi nyingi za wadogo zinasema mpigaji ametoka, basi. Kwa wakubwa, besi ya kwanza ikiwa wazi au wapigaji wawili wa timu yake wakiwa wameshatoka, mpigaji anaruhusiwa kukimbia, kwa hiyo kila mpira unaodunda chini lazima auzuie kwa kifua. Mjaribu nyumbani: mrushie mipira ishirini ya kudunda mbele yake, ukiwa umemvika kinga zote. Akigeuza uso pembeni, bado mwaka mmoja. Akiushukia kwa magoti, muombee mazoezi na wakubwa. Kecha mzuri ni adimu, watampa muda uwanjani.

Mama Mapacha: Nimecheka peke yangu, maana anageuza uso kila mara. Tutafanya hiyo mazoezi. Mungu akubariki.

Kaka wa Lowell: Samahani, lakini naona mnawadekeza watoto. Sisi mtaani tulicheza na kaka zetu wakubwa ndiyo tukakomaa. Hakuna aliyepima futi.

Mwandishi: Nami nilicheza rede na dada zangu wakubwa, kaka, nikapigwa mpira mgongoni nikakua. Ule ulikuwa mpira wa soksi na nailoni. Huu ni mgumu, ukitoka kwenye gongo la chuma unavunja taya. Halafu mtaani ukichoka ulikwenda nyumbani, kesho ukarudi. Hapa umelipia msimu na mtoto anajua umelipia. Sijasema wasipandishwe, nimeandika jinsi ya kujua. Naomba usome tena.

Kaka wa Lowell: Sawa, hiyo ya kujua umelipia sikuwa nimeifikiria.

Mzee wa Minnesota: Mwanangu ana 11, kocha anasema asipocheza 14U sasa hivi, vyuo havitamwona na ufadhili wa masomo utapotea. Ni kweli?

Mwandishi: Hapana mzee wangu. Kwa softiboli, makocha wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu Marekani, hawaruhusiwi kuanza mazungumzo ya usajili na mchezaji kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, yaani darasa la 11. Sheria hiyo ipo tangu 2018. Binti wa miaka 11 ana miaka mingi mbele yake. Anayekutisha kwa vyuo leo anahitaji mchezaji leo.

Mzee wa Minnesota: Ahsante binti yangu. Nilikuwa nimeshatafuta mkopo.

Mwandishi: Usichukue mkopo mzee. Tafadhali.

Dada wa Houston: Kwangu ni kinyume. Mrefu, kazaliwa siku chache tu baada ya tarehe ya kukata, anarusha wenzake hawaugusi. Siku hizi anatazama mawingu uwanjani. Naogopa kumpandisha baada ya kusoma hadithi yako.

Mwandishi: Usiogope, wako ndiye kupanda kulitengenezwa kwa ajili yake. Amezaliwa mwanzoni mwa rika, kwa hiyo msichana aliyemzidi kwa siku chache tu yuko rika la juu tayari. Na kuchoka kwake ni hatari pia: mrushaji ambaye hapigwi hajifunzi kubadilisha kasi, hajifunzi kuficha mpira, anategemea nguvu tu mpaka siku wenzake wanapomfikia kwa kimo. Fuata hatua ya 3, na mwanzoni aazimwe. Niandikie baada ya mazoezi mawili, nataka kujua.

Baba Ivan: Nimeongea na kocha. Swali la tano kasema mchezaji wao mmoja amehama.

Mwandishi: Umefanya vizuri kuuliza, kaka. Mwache acheze na wenzake mwaka huu. Akitaka changamoto, aombe kupangwa nafasi mpya humohumo.

Mama Mapacha: Nje ya mada kidogo: glavu ya kecha ni ngumu kama ubao, nifanyeje? Mtu kaniambia niitie kwenye oveni.

Mwandishi: Oveni inakausha ngozi na kuikata kamba. Paka mafuta ya glavu kidogo sana, weka mpira ndani, ifunge kwa mkanda ulale nayo usiku. Mchana dakika kumi za kurushiana kila siku.

Dada wa Houston: Nyundo ya mbao pia inasaidia, pigapiga pale mpira unapoingia. Na glavu iliyotumika ni nusu bei na tayari ni laini, tulipata ya kwetu kwa mama mmoja ambaye bintiye amekua.

Mwandishi: Nimeisahau hiyo. Ninayo moja ya inchi 12 stoo, anayeihitaji nitamtumia, alipie posta tu.